Mkono wa Mpishi

Bwana Tarpley alikufa siku ya kuchinja nguruwe, na hata kufa kwake kukawaongezea watu kazi. Nguruwe kumi na wanne walikuwa wamekwisha kutundikwa uani, matumbo wazi, maji ya kuwanyonyolea yakitokota, pale alipodondoka sebuleni na glasi yake mkononi. Watu wakagawanyika, hawa kwa nguruwe, hawa kwa Bwana. Mpishi wake, Sabra, alitumika pande zote mbili. Asubuhi alisafisha utumbo, mchana akaoka keki za wageni wa mazishi, na muda wote huo alikuwa akiwaza jambo moja tu, wala halikuwa la marehemu. Alikuwa akimwaza Teney, binti yake wa pekee, mwenye miaka kumi.

Kila mtu katika shamba lile la tumbaku alijua kinachofuata mwenye shamba akifa. Vyake hugawanywa. Na Sabra na Teney walikuwa vyake, wao pamoja na watu wengine ishirini na tisa, ng'ombe, vijiko vya fedha na magodoro ya manyoya.

Marehemu aliacha watoto watatu. Edmund, mkubwa, alikaa pale pale nyumba kubwa. Hugh, kitinda mimba, alikuwa na shamba ng'ambo ya kijito, nusu saa kwa miguu. Wa katikati alikuwa Lettice, ambaye alikuwa ameolewa na mtu mmoja aitwaye Pruett, hodari wa maneno, na huyo Pruett alikuwa ameapa kwamba mwaka mpya ukiingia atamchukua mkewe na fungu la mkewe wavuke milima kwenda Kentuki. Hapo ndipo roho ya Sabra ilipokuwa ikining'inia. Mmoja akienda kwa Edmund na mwingine kwa Hugh, si kitu, wangeonana kila Jumapili. Wakienda Kentuki wote wawili, basi, na waende. Lakini mmoja abaki na mmoja avuke milima? Waliovuka walikuwa wengi, na hakuna hata mmoja aliyewahi kurudi kusema huko kukoje.

Akamwendea mzee Juba katika banda la moshi, ambako alikuwa akitia nyama chumvi tangu Sabra hajazaliwa. Juba alikwisha kugawanywa mara moja, alipokufa baba wa Bwana Tarpley.

"Babu, hebu niambie. Walifanyaje wale?"

"Walifanyaje? Wanakuja mabwana watatu, majirani, wametumwa na korti. Wanakufungua mdomo, wanakupapasa, wanakutia bei. Halafu wanapanga mafungu. Yalingane, mwanangu, yalingane kabisa! Hawa ndugu wakipunjana hata kijiko watatoana macho."

"Na mama na mtoto?"

"Hesabu ikikubali, wanakaa pamoja. Isipokubali, ndiyo hivyo." Juba aligeuza paja la nguruwe akalipiga chumvi upande wa pili. "Ngoja nikwambie ya mimi na Judy wangu. Judy alikuwa kiwete, si unamkumbuka? Walipomfikia wakasema, huyu hana bei, mtupeni popote. Nikasema, Bwana, basi nitupieni mimi. Wakacheka weee, wakanitupia. Tulikaa miaka kumi na tisa."

"Kwa sababu hakuwa na bei."

"Ndiyo. Sisi wenye bei ndio tuliohamishwa-hamishwa kama kete za bao, mpaka hesabu yao ikakaa."

Sabra akarudi jikoni. Yeye bei alikuwa nayo, na kubwa. Watu walipanda farasi kutwa nzima kuja kula bata mzinga wake, na marehemu alikuwa akijisifu mezani kwamba amekataa pauni themanini za jirani kwa ajili ya mwanamke huyu. Zamani Sabra aliyasikia majivuno hayo akajiona mtu. Sasa yalimtisha.

Mabwana watatu walifika Jumatatu. Wawili, Yerby na Claughton, walikuwa watu wa kutikisa vichwa na kula. Msemaji alikuwa Bwana Gaskins, mnene, mcheshi, mtu ambaye watoto walimpenda kwa kuwa alitembea na peremende mfukoni. Alikaa kwenye kiti uani, karani wake pembeni, na watu wakapita mbele yake mmoja mmoja. Aliwatania wote. Alimwuliza Isham, fundi wa mapipa, kama meno yake ameyaazima. Kila aliyetaniwa alicheka, kwa sababu kutocheka kungeandikwa pia.

"Haya, mikono," alimwambia Sabra. Akaipindua huku na huku. "Hii ndiyo iliyompika yule bata wa mazishi?"

"Ndiyo, Bwana."

"Tisini, karani. Themanini ya mikono, kumi ya hayo mengine."

Uani wakaangua kicheko. Sabra naye akacheka. Teney akatiwa arobaini; mwembamba, alisema Gaskins, lakini atanenepa, akampa peremende. Mtoto aliishika kwenye kiganja mpaka ikayeyuka, asijue kama kuila ni ruhusa.

Jioni, akiwaandalia chakula, Sabra alimsikia Pruett akisema, "Huyo mpishi wa tisini atawavurugia mafungu yenu, mtaona." Na Gaskins akajibu mdomo umejaa, "Tutaona, tutaona." Ni hayo tu aliyoyasikia. Laiti angekuwa na subira ya kungoja siku tatu! Lakini nani angengoja? Alikuwa amesikia kutoka kwa Juba kwamba mwenye bei huhamishwa na asiye na bei hutupwa anapoombewa, na sasa alikuwa amesikia kwa masikio yake kwamba bei yake inavuruga mambo. Akakata shauri hapo hapo, sahani mkononi.

Jumatano walichinja nguruwe wa mkupuo wa pili. Jikoni, ambako kulikuwa ni nyumba ya peke yake mbali na nyumba kubwa, chungu kikubwa cha chuma kilikuwa motoni tangu alfajiri, mafuta ya nguruwe yakiyeyushwa kwa matumizi ya mwaka mzima. Katika kona alikaa Aggy, bibi kizee kipofu, akiambua maharage.

"Teney, chukua ndoo uende chemchemini."

"Ndoo imejaa, mama."

"Imwage ukateke mengine. Hayo yana majani."

Mtoto akaenda. Sabra akatazama mlango, akatazama dirisha, akakunja mkono wa gauni mpaka juu ya kiwiko, vizuri, kwa sababu gauni hilo lilikuwa moja. Alichagua mkono wa kulia. Wa kushoto usingewatosha. Alikuwa amepanga kuuacha ndani ya mafuta mpaka ahesabu tatu, na hakufika mbili.

Ukelele wake ulifika kwenye mazizi. Watu walipokuja mbio walimkuta sakafuni, ameukumbatia mkono kifuani, akisema nimeteleza, nimeteleza, na harufu yake ikiwa haina tofauti na harufu ya kazi ya siku ile. Wakammiminia maziwa baridi, wakamfunga vitambaa. Baadaye, watu walipopungua, Aggy alisema kutoka kwenye kona yake, bila kuacha maharage:

"Sikusikia mguu ukiteleza."

"Bibi, nyamaza."

"Nimenyamaza."

Mlangoni ndoo ilikuwa imesimama, imejaa pomoni, haikumwagika hata tone. Sabra aliiona. Alikuwa na maumivu mengi mno hata asijiulize aliyeileta yuko wapi.

Katika nyumba kubwa habari ilipokewa kila mtu kwa namna yake. Edmund alipiga meza akauliza sasa nani atapika chakula cha mwaka mpya. Hugh alisema hayo ndiyo mafuta ya nguruwe ya bei mbaya kuliko yote Virginia, na shemeji yake Pruett akacheka mpaka akapaliwa. Lettice alituma kitambaa laini cha kufungia, kisha akataka kirudishwe kikifuliwa. Gaskins mwenyewe alikuja jikoni, akafunua vitambaa, akakunja uso akavifunika tena.

"Vidole hivi vitashikamana," alisema. "Kumi na tano, karani. Na hiyo ni huruma."

Kumi na tano! Sabra alilala kwenye mkeka na homa, mkono ukimchoma mpaka begani, na alikuwa na furaha. Tangu Bwana afe hakuwa na furaha kama ile. Alimvuta Teney kwa mkono mzima akamwambia, "Tutakuwa pamoja, wewe ngoja." Teney alikuwa akiutazama mkono uliofungwa, na hakuacha kuutazama.

Alhamisi mabwana walimaliza mafungu yao. Chakula cha mchana kilipikwa na msichana wa shambani, nacho kikawa kibaya, kwa hiyo Edmund aliamuru Sabra asimame mezani agawe kwa mkono wa kushoto, wageni waone angalau sura ya mpishi. Akasimama na bakuli la mchuzi. Alisubiri penye nafasi aseme maneno yake, yale ya Juba, nitupeni kwa mtoto wangu. Alikuwa ameyafanyia mazoezi.

"Umetutia kazi wewe," Gaskins alimwambia, kwa ucheshi tu, akijichomea kipande cha paja. "Jumatatu tulikuwa tumemaliza. Safi kabisa. Wewe na binti yako, fungu la tatu, tisini na arobaini, likasimama wima bila kuongeza hata kuku. Huyu Claughton hapa ana moyo wa akina mama, alisema lazima mkae pamoja, na sisi tukasema sawa. Sasa wewe unakwenda kuogelea kwenye mafuta!"

Claughton alitikisa kichwa kwa masikitiko, akajiongezea viazi.

Mchuzi ulikuwa ukimwagika kwenye kitambaa cha meza. Lettice alisema, "Sabra! Angalia!" Sabra akainua bakuli.

"Jumatatu, Bwana?"

"Jumatatu hiyo hiyo, kabla ya kulala. Sasa fungu la tatu limepungua mno, hata na huyo mtoto wako ndani. Ikabidi tumtoe mtoto tumpeleke la kwanza, tukamleta Isham wa mapipa. Ndiyo likasimama."

Siwezi kueleza kilichompata Sabra pale, na ninayesema hivi si mtu wa kukosa maneno. Alijiona mpumbavu. Alijichukia, akawachukia, akamchukia na Juba na Judy wake na miaka yao kumi na tisa. Kisha akakumbuka kwamba bado ana maneno yake.

"Bwana, niwekeni mimi huko la kwanza. Mimi sasa si kitu. Nitupeni tu, kama walivyomtupa mke wa Juba."

"Usingekuwa kitu ningekutupa. Lakini la kwanza lina Aggy kipofu, la pili lina Juba, la tatu lina wewe. Kila mrithi anapata mdomo mmoja usio na kazi. Nikimpa mmoja midomo miwili, atanipeleka kortini, na atashinda. Haki ni haki."

"Mimi si mdomo usio na kazi, Bwana." Alikwisha kulitua bakuli. "Mkono unapona. Unafanya kazi. Ninaweza kunyanyua chungu sasa hivi."

"Chungu gani?"

"Chochote. Kile cha maharage."

Pruett akasogeza kiti nyuma. Ilikuwa mara ya kwanza siku ile kuonekana anafurahia chakula. "Shilingi tano hakifiki mezani."

"Nimekubali," alisema Hugh. "Mkono ule ule mbovu lakini! Wa kushoto hauruhusiwi."

Edmund alisema wasimwagie zulia. Lettice alisema jamani, jamani, lakini akageuza kiti upande wa mlango ili aone. Watu wote mezani wakangoja.

Sabra alivuka uwanja kwenda jikoni. Teney alikuwa huko akichochea moto, na alipomwona mama yake akijikaza kuingiza vidole vilivyofungwa chini ya mpini wa chungu, alisema mama, nikusaidie, na mama yake akamwambia toka. Chungu kilikuwa cha chuma, kimejaa maharage na mfupa wa nguruwe kupita nusu. Alikinyanyua. Alipofika katikati ya uwanja vitambaa vilikuwa vimelowa, na kwenye ngazi kitu kiliachia ndani ya kiganja chake, kama ngozi ya maziwa inavyoachia. Hakutoa sauti. Aliingia, akapita nyuma ya viti vyote, akakitua chungu mbele ya Gaskins polepole, na mchuzi wake haukumwagika.

Hugh akapiga kofi. Pruett akahesabu shilingi tano kwa sura ya mtu aliyeibiwa.

"Aisee," alisema Gaskins, na alimaanisha. "Mwanamke wa chuma. Arobaini, karani. Futa kumi na tano, andika arobaini."

"Basi, Bwana," alisema Sabra. Kipande cha kitambaa kilikuwa kimenasa kwenye mpini wa chungu, naye alikuwa akikibandua kwa mkono mwingine. "Basi sasa niwekeni kwa mtoto. Mimi si mdomo tena. Nina bei."

Gaskins alimtazama karani, karani akatazama karatasi yake, akanong'ona. Bwana akatikisa kichwa, na usoni alikuwa na huruma ya kweli, ndiyo maana sitamsamehe.

"Hapo ndipo penye shida. Wewe arobaini, yeye arobaini. Nikikuingiza wewe la kwanza, lazima nitoe arobaini. Nimtoe nani? Ni yeye tu aliye arobaini kamili. Mtapishana tu mlangoni."

"Lakini la tatu limezidi sasa," alisema karani.

"Ishirini na tano. Mtoe yule farasi jike, Bess, umhamishe la pili, halafu la pili litoe ndama wawili kwenda la kwanza. Imekwisha?"

"Imekwisha, Bwana."

Hicho ndicho mkono wa Sabra ulichonunua: Bess alibadili zizi. Mabwana wakala maharage, wakayasifu.

Kura zilipigwa Ijumaa asubuhi, kwa kofia ya marehemu, ile nyeusi aliyokuwa akivaa kanisani. Watu wote thelathini na mmoja walisimama uani, wamepangwa mafungu matatu, kamba imelazwa chini katikati ya fungu na fungu. Teney alikuwa upande huu wa kamba, ameshikwa mkono na Aggy, na mama yake alikuwa upande ule, karibu na Isham, karibu kiasi cha kuweza kumgusa mtoto wake kama angenyoosha mkono. Msimamizi wa shamba alikuwa amesema asinyooshe mtu.

Sabra aliomba kimoyomoyo. La kwanza liende kwa Edmund. Au kwa Hugh. Kati ya njia tatu, mbili zilikuwa nzuri, na alijishikiza kwenye hizo mbili kwa nguvu zake zote.

Edmund, kwa kuwa mkubwa, alichovya mkono kofiani kwanza. La pili. Juba akashusha pumzi. Kisha ikawa zamu ya Lettice, na Pruett akachovya kwa niaba yake, akaifungua karatasi, akaigeuza juu chini kwa kuwa alikuwa ameishika kichwa chini.

"La kwanza!" alisema.

Hugh hakuwa na haja ya kuchovya, lakini alichovya, kwa heshima ya kofia.

Lettice alikuja jikoni mchana ule ule. Alikuwa na macho mekundu. Kuagana na nyumba ya baba si jambo dogo. "Sabra, mimi nilikuwa nakutaka wewe," alisema. "Nimekuzoea. Nimekula chakula chako tangu nikiwa msichana mdogo. Lakini Bwana Pruett anasema safari ni ndefu, na kwa mkono huo... Basi mfundishe Teney. Siku nne zipo. Mfundishe ile mikate midogo, na bata, na ule mchuzi. Huko tutakuwa hatuna mtu."

"Ndiyo, Bibi."

"Itakuwa kama uko nami," alisema Lettice, akamshika bega.

Siku nne, basi, Sabra alimfundisha mwanawe kupika. Aliingiza miaka ishirini ndani ya siku nne. Unga ushike hivi. Moto uujaribu kwa karatasi. Ikigeuka rangi ya kahawa, tanuri iko tayari. Bibi hapendi vitunguu lakini usimwambie vimo. Bwana Pruett akilewa mpelekee nyama kwanza, halafu ukae mbali, ukae nyuma ya meza kila mara, unanisikia? Teney alisikiliza vizuri kuliko alivyowahi. Hakulia hata siku moja, jambo lililomshangaza mama yake, na likamwumiza kidogo pia. Maswali yake yalikuwa ya mafuta zaidi. Mafuta yakiwa moto sana yanajulikanaje? Yakiwa hayatoi povu ndiyo yameiva au bado? Sabra alimjibu yote. Alifurahi kwamba mtoto ana akili ya kazi.

"Na ukae nayo mbali," alimwambia. "Usije ukateleza kama mimi."

"Ndiyo, mama," alisema Teney.

Siku ya mwaka mpya, asubuhi ya barafu, gari la Pruett lilisimama langoni, farasi wanne, turubai juu. Waliokwenda kwa miguu walikuwa wamekwisha kupangwa nyuma, wanaume kwa mnyororo mmoja, wasije wakatoroka njiani. Aggy aliketishwa juu ya magunia. Teney, kwa kuwa alikuwa mpishi sasa, aliwekwa garini pamoja na masufuria. Sabra aliruhusiwa kumfikia. Alimfunga kitambaa kichwani kwa mkono mmoja na meno, na maneno yote aliyokuwa amemwekea yalimpotea. Akasema tu vaa soksi mbili.

Teney akainama sikioni kwake. Uso wake ulikuwa mkavu, na wenye aina ya furaha ya mtu mwenye siri.

"Mama, nilikuona."

"Uliona nini?"

"Siku ile. Nilikuwa mlangoni na ndoo. Ulitazama huku na huku, ukakunja gauni." Alikuwa akinong'ona haraka haraka. "Sikumwambia mtu. Ulifanya ili wasikupeleke, na hawakukupeleka. Bibi Lettice kasema mwenyewe, kwa mkono huo hawakutaki."

"Teney."

"Basi na mimi usinililie. Nikifika tu, wakiniweka jikoni, nitafanya. Nimekwisha kujua mafuta yakiwa tayari yanakuwaje. Watasema hafai huyu, watanirudisha kwako."

Pruett alikuwa amekwisha kupanda. Mjeledi ukalia, gari likavuta kwa kishindo, masufuria yakagongana.

"Hapana!" Sabra alilishika gari kwa mkono wa kulia, akasahau, na mkono ukakataa kushika. "Hapana, Teney, sikia! Hawarudishi! Hawarudishi mtu! Usifanye!"

Magurudumu yalikuwa yakisaga barafu, farasi wakikoroma, wanaume wa mnyororo wakiimba kwa kuwa waliambiwa waimbe, na kila mwanamke aliyekuwa langoni alikuwa akipiga kelele zake. Kilio chake kilikuwa kimoja katika hivyo. Alikimbia kando ya njia, akaanguka, akainuka, usifanye, usifanye, mpaka msimamizi akamkamata kiunoni. Mbele Lettice aligeuka, akaona, akamwambia mumewe jinsi hawa watu wanavyopendana, akatoa leso.

Nyuma, katikati ya masufuria, mtoto alikuwa amepiga magoti ili amwone mama yake vizuri. Alimwona akipaza sauti, asisikie neno. Akadhani anaagwa. Akatabasamu, akainua mkono wa kulia juu kabisa, vidole vyote vitano vimetawanywa, akautikisa, kumwonyesha kwamba ameelewa na kwamba hatasahau.

Hakuushusha mpaka gari lilipokata kona.